Akodiani kutoka kompyuta kuukuu

Fundi wa simu kutoka Misikhu, kando ya barabara ya Webuye–Kitale, ana kompyuta kadhaa zilizochoka na anapenda muziki. Ameuliza kama vifaa hivyo vinaweza kuwa akodiani ya umeme.

SWALI: Je, jambo hili linawezekana kweli?

JIBU: Linawezekana, na limeshafanywa. Mwaka 2022 Linus Åkesson wa Uswidi aliunganisha kompyuta mbili za Commodore 64, za miaka ya 1980, zikawa akodiani moja. Mivukuto yake aliitengeneza kwa disketi kuukuu zilizobandikwa pamoja. Wewe huhitaji Commodore. Kibodi mbili, laptopu moja inayowaka na spika zinatosha kuanzia.

SWALI: Sauti itatoka kwenye laptopu. Mivukuto ni ya nini basi?

JIBU: Bila mivukuto utakuwa umeunda kinanda cha kawaida. Aliyecheza mwomboko au kusikiliza taarab ya Unguja anajua jinsi noti ya akodiani inavyoanza chini, ikavimba, kisha ikanyamaza kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Hiyo ni kazi ya hewa, na ndiyo roho ya ala yenyewe.

Katika akodiani halisi hewa hutetemesha vipande vya chuma. Katika yako inatakiwa kupimwa tu. Kunja kadibodi ngumu kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, ziba maungio kwa kitambaa na gundi, kisha toboa tundu dogo. Ndani, karibu na tundu hilo, weka maikrofoni ya laptopu mbovu. Hewa ikipita tunduni huvuma, na ukikaza mkono mvumo unaongezeka. Programu ndogo hupima mvumo huo na kuugeuza namba kati ya 0 na 127, kisha huzituma kwa kidhibiti namba 11 cha MIDI, lugha ya ala za umeme, ili kukuza au kupunguza sauti. Maikrofoni haijui kama unavuta au unasukuma, na hilo halidhuru, kwani akodiani ya aina ya piano hutoa noti ileile pande zote mbili. Ila zungusha sponji kwa nje, la sivyo maikrofoni itasikia spika badala ya hewa. Tumia muda wako mwingi hapa kuliko penginepo.

SWALI: Nikibonyeza vitufe vitatu pamoja, kimoja hakilii.

JIBU: Vitufe vya kibodi havina waya wake kila kimoja, vyote vimepangwa kwenye wavu wa mistari na safu. Vitatu vikikaa kwenye pembe za mstatili, kibodi haiwezi kubaini kama cha nne nacho kimebonyezwa, hivyo hukataa cha tatu. Fungua ukurasa mtupu, bonyeza herufi tatutatu, andika zinazogoma, na usiweke hapo noti zinazolia pamoja. Tiba kamili ni daiodi moja kwa kila kitufe, lakini kibodi za bei nafuu zina karatasi za plastiki zisizolehemika. Swichi zilizotolewa kwenye vipanya vibovu hulehemika vizuri.

SWALI: Na sauti ikichelewa?

JIBU: Punguza akiba ya sauti (buffer) kwenye programu. Sampuli 256 kwa kiwango cha 44,100 kwa sekunde ni takriban milisekunde 6, na sikio halilalamiki.

SWALI: Kuna hatari gani?

JIBU: Usifungue kisanduku cha umeme cha kompyuta wala skrini nzito za zamani za kioo. Ndani hubaki chaji ya kukuua hata baada ya kuchomoa plagi.

SWALI: Nataka kupiga pamoja na litungu, ala yetu ya nyuzi, lakini noti hazilingani.

JIBU: Usimwambie mpiga litungu akaze nyuzi zake zifuate akodiani. Akodiani ndiyo ifuate. Pima kila uzi kwa programu ya simu ya kupima sauti, uandike umepishana na noti ya akodiani kwa senti ngapi. Nusu toni moja ni senti 100. FluidSynth, programu ya bure inayotoa sauti za ala, hukubali kila noti irekebishwe hivyo. Na kwa kuwa nyuzi hulinganishwa na sauti ya mwimbaji, hifadhi orodha ya kila mpigaji peke yake, uipime upya akibadilisha mwimbaji.