Tulivyorekodi Nyatiti kwa Kompyuta

Huenda wewe ni mmoja wa wale wanaodhani muziki wa kompyuta hujitengeneza wenyewe, ati unabonyeza kitufe tu na wimbo umekwisha. Sisi pia tulidhani hivyo, mpaka tulipomwalika mzee mmoja wa Dunga, hapa Kisumu kando ya ziwa, atupigie nyatiti tuirekodi.

Tulitumia FL Studio, programu ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji. Ilitoka mwishoni mwa 1997 ikiitwa FruityLoops, na mwaka 2003 ikabadilishwa jina. Ukiifungua unakuta safu ya vitufe 16, vimepangwa nne nne. Kitufe unachokiwasha ndipo ngoma inapolia. Rahisi kabisa!

Tabu ilianza nyuzi zilipolia. Nyatiti ina nyuzi 8, na mpigaji huzikaza kwa sikio, akifuata sauti yake ya kuimbia. Kinanda cha kompyuta nacho kimegawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Tulipoviunganisha, wee! Ilikuwa kama wachuuzi wawili wanaogombana Kibuye. Mwenzetu akamwomba mzee akaze nyuzi mbili zilingane na kinanda. Mzee akakataa katakata: akizikaza, yeye ataimbaje?

Kumbe alikuwa na haki, na dawa ilikuwa mikononi mwetu. Kila hatua ya kinanda ina sehemu 100 ziitwazo senti, na programu inakubali kupandisha au kushusha noti kwa senti chache. Tukasikiliza uzi mmoja mmoja, tukasogeza kinanda kiufuate. Kazi hiyo ilikula mchana mzima.

Kisha mpigo. Mzee huvaa oduong'o, pete ya chuma, kwenye kidole gumba cha mguu, na kugonga nayo ukingo wa nyatiti. Wimbo ule ulihesabika tatu tatu, kwa hiyo tukapunguza vitufe viwe 12. Bado! Akianza kumsifu mtu, mzee huharakisha kidogo, na mashine haijui kusifu. Mwishowe tukazima ngoma za kompyuta, tukaiachia pete kazi yake. (Wapiga benga walihamishia nyatiti kwenye gitaa zamani, kabla ya kompyuta hizi, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Mzee aliposikilizishwa wimbo alitikisa kichwa polepole mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani kati yetu aliyekohoa.