SOMO LA ROBO HII: KULA VIZURI NA KUFANYA MAZOEZI WAKATI MOYO UMELEMEWA

Neno la kusoma pamoja: 1 Wafalme 19:1-21

Lengo la somo: Kuwasaidia wajumbe wa kamati, watumishi na Wakristo wote kuelewa kwa nini mipango yetu ya kutunza afya huvunjika tunapokuwa na msongo wa mawazo, na kuona nini usharika unaweza kufanya.



Katika semina zetu nyingi tumefundisha juu ya mlo kamili na mazoezi. Watu wameandika kwenye madaftari, wamepiga makofi, wamerudi nyumbani. Baada ya mwezi tukiulizana, wengi wanacheka na kusema: "Tulianza vizuri." Robo hii tujiulize ni kitu gani kinatuangusha njiani. Nitaanza na habari yangu mwenyewe.

1. Yaliyonipata

Mwezi Januari mwaka mmoja niliweka nadhiri mbili: kutembea kila siku saa kumi na moja alfajiri, na kuacha sukari kwenye chai. Siku ya kwanza jirani aliponiona nakwenda mbio mbio gizani alitoka nje na kuniuliza, "Mama, kuna msiba?" Nikamwambia ni mazoezi, akaguna. Nilidumu siku nane. Ndipo shule zikafunguliwa na ada zikadaiwa, mama mkwe akalazwa, pampu ya mradi mmoja wa maji ikaharibika, na taarifa ya robo mwaka ikakaribia. Nikawa nakesha na stakabadhi mezani. Pembeni kulikuwa na chupa ya chai yenye sukari nyingi na maandazi yaliyobaki kikaoni. Alfajiri sikuweza kuamka. Nilijiona mvivu, na zaidi ya hapo nilijiona mtu wa imani haba.

Miezi michache baadaye tuliandaa siku ya kupima afya katika usharika mmoja. Ili kuwatia moyo wazee waliokuwa wanaogopa, nilikaa mimi wa kwanza kwenye kiti. Muuguzi alipima, akanyamaza, akapima tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usiinuke bado." Ilikuwa 168 kwa 104. Mimi niliyewaita watu waje kupimwa ndiye niliyepelekwa kwanza hospitali siku ile.

2. Msongo unafanya nini mwilini?

Mungu alituumba na uwezo wa kukabili hatari. Tunapotishwa, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, shinikizo la damu hupanda, na sukari iliyohifadhiwa mwilini huingia kwenye damu ili tupate nguvu za kukimbia au kupambana. Jambo hilo ni jema ukikutana na nyoka shambani, kwa sababu baada ya dakika chache hatari inapita na mwili unatulia.

Deni la ada, mgonjwa ndani ya nyumba na taarifa iliyochelewa havipiti kwa dakika chache. Mwili hukaa katika hali ya tahadhari kwa wiki na miezi. Usingizi hukatika. Asiyelala vizuri huwa na njaa zaidi, na hamu yake huelekea vitu vitamu na vya mafuta. Uchovu unaondoa nguvu ya kutembea. Kwa hiyo anayeshindwa kushika mpango wake wa afya wakati wa taabu si lazima awe mvivu. Huenda amebeba mzigo ambao hakuna aliyemsaidia kuupunguza.

Jambo hili si la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 hapa Tanzania ulionyesha kuwa takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, wa umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi huwa hawajui, kwa maana ugonjwa huu mara nyingi hauumi. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hivyo, kinahitaji matibabu.

3. Eliya chini ya mretemu

Sasa tufungue Biblia zetu. Eliya ametoka kupata ushindi mkubwa mlimani Karmeli. Mara Yezebeli anatishia kumwua. Nabii anakimbia, anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mti na kumwomba Mungu afe.

Tuangalie Mungu anamtendea nini, na kwa mpangilio gani. Kwanza Eliya analala. Pili, malaika anamgusa na kumpa chakula cha kawaida kabisa, mkate na maji. Analala tena, anakula tena. Tatu, anatembea safari ndefu hadi Horebu. Nne, Mungu anamwuliza habari zake, naye anaeleza yote yaliyo moyoni. Anaulizwa mara mbili, anajibu mara mbili, wala hakatizwi. Tano, anarudishwa kazini akiwa na maagizo ya kumtia mafuta Elisha, atakayeshika kazi baada yake. Eliya alidhani amebaki peke yake, lakini Mungu alimwonyesha kuwa wapo wengine maelfu.

Nabii huyu hakukemewa kwa imani haba. Tena hakuambiwa atembee kabla hajalala na kula. Sisi mara nyingi tunaanzia katikati: tunamwambia mtu aliyechoka akimbie na ale mboga, bila kumwuliza amelala saa ngapi wala amebeba nini.

4. Hatua tano kwa maisha yetu

Usingizi. Mtu mzima anahitaji walau saa saba kwa usiku. Weka saa ya kufunga kazi na kuweka simu mbali na kitanda. Chai kali na kahawa zisinywewe jioni. Jambo linalokusumbua liandike kwenye karatasi, na useme: nitalishughulikia kesho saa fulani.

Chakula. Wakati wa msongo usianze na mpango mgumu wa mlo. Anza na badiliko moja. Shirika la Afya Duniani linashauri kula matunda na mboga walau gramu 400 kwa siku, yaani mafungu matano hivi, na chumvi isiyofika gramu 5, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima. Hatuhitaji kwenda mjini kutafuta vyakula hivyo. Mchicha, mnavu, majani ya maboga, matembele, maharage, dagaa, papai na parachichi viko kwetu. Tatizo ni kwamba aliyechoka hapiki mboga, anakunywa chai na andazi. Chemsha maharage ya siku mbili kwa wakati mmoja. Ndizi mbivu au karanga ziwe kwenye mkoba. Aidha, kumbuka kuwa chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari inayokaribia vijiko vinane au tisa vya chai.

Mwendo. Ushauri kwa watu wazima ni walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa mfano nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Ukishindwa nusu saa, dakika kumi ni afadhali kuliko kukaa, na kutembea kwenyewe kunasaidia kutuliza moyo na kuleta usingizi. Hapa tuwe waangalifu. Mama anayelima tangu asubuhi, anayeteka maji mlimani na kubeba kuni, tayari ana mazoezi ya kutosha. Huyo tusimwambie akimbie. Anachohitaji ni kupumzika, na mtu wa kumpokea ndoo. Somo la mazoezi linatuhusu zaidi sisi wa ofisini, wa dukani na wa kwenye magari.

Kusikilizwa. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 huko Mbare, mjini Harare, kuwafundisha bibi 14 namna ya kuwasikiliza watu wenye huzuni na mashaka. Walikaa nao kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi haanzi kwa kutoa mawaidha. Anasikiliza, kisha anamsaidia mtu achague tatizo moja kati ya mengi na kupanga hatua ndogo inayowezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sharika zetu zina wazee wa kanisa, zina akina bibi wenye hekima, na mabenchi yamejaa kila mahali. Kinachohitajika ni mafunzo, na kutunza siri.

Msaidizi. Kwangu mimi hapa ndipo mambo yalipobadilika. Baada ya kutoka hospitali nilieleza kamati ukweli. Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akajitolea kukusanya na kupanga stakabadhi kila Ijumaa, badala ya mimi kuzikusanya zote mwisho wa robo. Hilo tu liliniondolea usiku mwingi wa kukesha. Nilipoanza kulala, niliweza kushuka kwenye daladala kituo kimoja kabla ya ofisi na kumalizia kwa miguu. Sukari niliipunguza kijiko kimoja kimoja. Sikuwa mtu mwenye utashi mkubwa kuliko Januari ile, bali mzigo ulikuwa umepungua. Mara ya mwisho nilipopima ilikuwa 136 kwa 86. Vidonge naendelea navyo kama daktari alivyoagiza. Wapo siku ambazo napitiliza hadi kituo cha ofisini, na kesho yake naanza tena.

5. Maonyo mawili

Usiache dawa ya presha au kisukari kwa sababu umejisikia vizuri au kwa sababu umeombewa. Maombi na dawa havigombani.

Aidha, mtu akisema maneno kama ya Eliya, kwamba amechoka kuishi, tusimwambie tu ajipe moyo. Tumsikilize, tusimwache peke yake, na tumfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Mchungaji aitwe, lakini asiwe badala ya daktari.

6. Wito kwa kamati na kwa wafadhili

Tunaziomba kamati za sharika zijadili mambo manne kabla ya robo ijayo:

a) Chakula cha vikao. Badala ya soda na maandazi, tuweke maji ya kunywa, viazi vitamu au magimbi ya kuchemsha, karanga na matunda. Fedha hiyo ibaki kwa akina mama wa usharika wanaolima.

b) Muda wa vikao. Vimalizike mapema, ili akina mama wafike nyumbani kabla ya giza wakiwa na muda wa kupika na kupumzika.

c) Mgawanyo wa kazi. Sharika nyingi zina mtu mmoja anayeitwa kila kamati kwa sababu hakatai. Asishike zaidi ya kamati mbili. Kila kazi iwe na msaidizi anayejifunza.

d) Siku ya mapumziko. Wainjilisti wetu hufanya kazi Jumapili nzima na Jumatatu wanaitwa misibani. Wapangiwe siku moja ya kupumzika, na usharika uiheshimu.

Kwa ndugu zetu wafadhili, tunawashukuru kwa visima, madarasa na miche. Tunawaomba mkumbuke kuwa nyuma ya kila mradi kuna watu wachache, wengi wao wakijitolea. Fungu dogo la kupima afya za watumishi, na taarifa zenye kurasa chache zaidi, ni msaada kwa mradi wenyewe. Pampu ikiharibika tunanunua kipuri. Mwinjilisti akianguka kwa kiharusi, hatuna mahali pa kununua mwingine.

7. Maswali ya kujadili

1. Ni nani katika usharika wetu amebeba mzigo kuliko wengine? Nani amemwuliza habari zake mwezi huu?

2. Kati ya usingizi, chakula, mwendo, kusikilizwa na msaidizi, wewe umepungukiwa nini kwanza?

3. Taja badiliko moja dogo ambalo nyumba yako inaweza kuanza wiki hii bila gharama.

4. Kati ya mambo manne yaliyotajwa hapo juu, kamati yetu itaanza na lipi, na nani atalisimamia?

Sala: Ee Mungu Baba, uliyemlisha mtumishi wako jangwani, tunaleta kwako wote waliochoka. Utupe usingizi, utupe chakula cha leo, utie nguvu miguu yetu, na utufanye kuwa masikio na mikono kwa wenzetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mratibu wa Miradi ya Dayosisi