POPO WA MTI WA LICHI
Niliyojifunza katika kisiwa cha Mauritius

Wanafunzi wa Kidato cha Pili wameniuliza mara nyingi kwa nini nakataza popo wa mwembe ulio nyuma ya bweni wasipigwe mawe. Naliahidi kuwajibu, na sasa mhariri amenipa nafasi. Jibu langu lina safari ndani yake, na tena lina kosa langu mwenyewe, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Tangu mwaka 2014 hata mwisho wa 2016 nalikaa Mauritius kwa ajili ya masomo. Kisiwa hicho kiko katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 2,000, yaani kikubwa kidogo kuliko Unguja. Kilitoka chini ya bahari kwa nguvu za volkeno, wala hakikupata kushikana na bara hata siku moja. Jambo hili la mwisho mlishike vizuri, maana ndilo msingi wa somo letu. Simba hawezi kuogelea mamia ya maili, wala panya, wala nyani. Kabla ya watu kufika, mnyama anyonyeshaye aliyekuwa akiishi katika nchi kavu ya Mauritius alikuwa mmoja tu, naye ni popo, kwa kuwa yeye huruka.

Nalipanga chumba kwa mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi. Mimi nalimwita Tonton, kama vijana wa kule wamwitavyo mtu mzima, yaani mjomba. Uani kwake palikuwa na mti mkubwa wa lichi. Lichi ni tunda linalofanana na shokishoki, ila halina nywele. Huiva mwezi wa Novemba na Desemba, na fedha za mti ule ndizo zilizolipa masomo ya jioni ya mjukuu wake. Basi lichi zilipoanza kuwa nyekundu, popo walikuja kila usiku. Ni popo wakubwa, wenye manyoya ya rangi ya dhahabu shingoni, na mabawa yao yakifunguliwa hukaribia urefu wa mkono wa mtu kila upande. Tonton aligonga debe mpaka saa saba za usiku. Asubuhi alihesabu maganda chini ya mti, hasemi neno.

Nalimhurumia. Tangu utoto nalikuwa hodari wa manati, na usiku wa tatu nikatoka nayo. Nalimpiga mmoja, akaanguka juu ya paa la bati. Tulipomulika kwa taa tuliona mtoto wake ameng'ang'ania kifuani, yu hai, macho wazi. Mama alikuwa amekwisha kufa. Tonton alizima taa, akaenda kulala. Mtoto yule hakufika asubuhi. Sikusema habari hiyo kwa mtu yeyote chuoni.

Mwaka uliofuata mwenzangu mmoja wa darasani alinialika twende kutazama njiwa. Mimi nimekulia karibu na Mikumi, ambako tembo huvuka barabara kuu. Nalicheka sana kusikia mtu anapanda basi mwendo wa saa nzima kwenda kutazama njiwa. Lakini nalikwenda.

Tulianzia Port Louis, mji mkuu, katika nyumba ya makumbusho, tukaona mifupa ya dodo. Dodo alikuwa ndege mkubwa kuliko bata mzinga, naye kwa ukoo ni njiwa. Alipokuwa hana adui, mabawa yake yalidhoofika kizazi baada ya kizazi mpaka akawa haruki. Waholanzi walitua mwaka 1598. Walikula ndege wale, lakini zaidi ya hapo walileta panya, nguruwe na kima, ambao walikula mayai yaliyotagwa chini. Habari za mwisho za kuaminika za dodo ni za mwaka 1662. Watu wakamsahau kabisa, hata wengine wakasema ni hadithi tu. Mwaka 1865 mwalimu wa shule mmoja wa Mahébourg, jina lake George Clark, alichimba katika matope ya bwawa liitwalo Mare aux Songes, akatoa mifupa mingi. Mwaona basi kwamba walimu wa shule nao huwa na faida.

Kutoka Mahébourg tulipanda mashua mpaka kisiwa kidogo cha Île aux Aigrettes, chenye hekta 26 tu. Humo panya wamekwisha kuondolewa, magugu ya kigeni yameng'olewa, na miti ya asili imepandwa upya. Ndipo nilipomwona yule njiwa. Ana rangi ya waridi iliyofifia kifuani na mkia wa kahawia. Alitua juu ya tawi karibu yangu, akanitazama bila woga wowote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walibaki porini kama kumi hivi. Leo wako mia kadhaa. Kozi mdogo wa Mauritius alikuwa katika hali mbaya zaidi: mwaka 1974 walijulikana wanne tu. Sumu ya DDT iliyopigwa kuua mbu wa malaria ilikuwa moja ya sababu. Carl Jones, mtu wa Wales aliyefika mwaka 1979, aliwaokoa kwa hila rahisi. Alichukua mayai ya kwanza kiotani, na ndege akataga tena. Yale ya kwanza yakaanguliwa kwa mashine, na makinda yakalishwa kwa mkono, kisha yakarudishwa msituni.

Lakini kilichonishika moyo si njiwa, bali kobe. Kobe wakubwa wa asili wa Mauritius walikwisha zamani, wote, kwa kuliwa na mabaharia. Waliopo Île aux Aigrettes wameletwa kutoka Aldabra katika Ushelisheli. Msomaji aliyefika Changuu, Unguja, amewaona ndugu zao, maana wale nao walitoka Ushelisheli. Kiongozi wetu alisimama penye kinyesi cha kobe, akakipekua kwa kijiti. Mlikuwa na mbegu. Akatuonyesha miche midogo ikiota mbali na mama yake. Ni mti mweusi wa thamani, si mpingo wetu, ingawa watu huulinganisha nao. Waholanzi waliukata mno. Sasa miti michache iliyobaki ilikuwa ikizaa, matunda yakianguka na kuoza pale pale chini ya kivuli, kwa kuwa aliyekuwa akiyachukua hayuko tena. Kobe wa kigeni wameshika kazi ya kobe waliokufa, na mbegu ikipita tumboni mwao huota vizuri zaidi.

Hapa yafaa niwaonye kidogo. Mwaka 1977 mtaalamu mmoja wa Marekani, Stanley Temple, aliandika kwamba mti uitwao tambalakoke haukuota kwa miaka 300 kwa sababu mbegu zake zilihitaji kupita tumboni mwa dodo. Habari hiyo ilienea duniani na kuingia katika vitabu vya shule. Baadaye watu wa misitu walionyesha kwamba miti michanga ipo, na mbegu huota hata bila dodo, ingawa kwa shida. Hadithi ikipendeza sana, ihesabuni tena.

Nalimwuliza kiongozi, "Na katika kisiwa kikubwa, ambako hakuna kobe msituni, nani huchukua mbegu?" Akajibu bila kufikiri, "Popo."

Akaeleza. Dodo hayuko, kobe hawako, kasuku wakubwa hawako. Hata popo walao matunda walikuwa wa aina tatu. Leo kisiwani Mauritius imebaki moja. Popo hutafuna tunda, humeza maji yake, hutema makapi. Mbegu ndogo hupita tumboni na kuanguka akiruka, na tunda lenye mbegu kubwa hulibeba mpaka mti mwingine, akalila huko. Msitu wa asili ulio mzima haufiki hata asilimia mbili ya nchi, na mbegu zake nyingi zamngojea yeye. Nalitazama chini. Nalikuwa nikimwona yule wa juu ya bati.

Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2015 serikali ya kule iliamuru popo wapunguzwe, na zaidi ya 30,000 wakauawa. Wenye bustani walishukuru, wataalamu wakalalamika. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la hifadhi, IUCN, lilimwandika popo huyu miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Mimi siwezi kuwacheka wenye bustani, kwa kuwa nimeyaona maganda chini ya mti asubuhi. Lakini utafiti katika bustani umeonyesha kuwa popo si mwizi peke yake. Ndege nao hula, na matunda mengi huharibika kwa upepo au kwa kuiva kupita kiasi.

Nalimwambia Tonton habari za mbegu. Akasema, "Msitu hauna mjukuu wa kusomesha." Sikuwa na jibu, na hata leo sina jibu zuri. Lakini msimu wa 2016 tulinunua wavu, nusu fedha yake nusu yangu, tukapanda na ngazi mbili tukaufunika mti. Kazi ilituchukua siku nzima, na matawi ya juu hatukuyafikia. Popo walikula yale ya juu. Ya chini yalitosha kuuzwa, na kapu moja alinipa mimi siku niliyosafiri.

Sasa turudi kwenye mwembe wetu. Popo wake ni wa aina nyingine, lakini nao hula matunda. Wenye kutaka waje Jumamosi saa kumi na moja jioni, kila mmoja na magazeti makuukuu mawili. Tutayatandaza chini ya mti na kuyawekea mawe pembeni, na Jumapili asubuhi tutahesabu mbegu na kutafuta ni za miti gani. Mtu asishike kinyesi wala popo kwa mkono, maana huweza kuwa na magonjwa. Vijiti na glavu nitaleta mimi. Manati zibaki bwenini.