Somo la Kiingereza: Kitenzi "fast"

Katika toleo hili nimeombwa niandike somo la Kiingereza, nami nimechagua kitenzi tunachodhani tunakijua kuliko hata Waingereza wenyewe: "fast", yaani kufunga.

Mwaka jana hapa Kampala nilitumwa kupima sukari. Daktari akaniambia, "You must fast before the test." Nikacheka moyoni. Kufunga? Hiyo si kazi yangu kila Jumatatu na Alhamisi! Siku ya kipimo ilikuwa Alhamisi. Nikala daku saa kumi alfajiri, wali, maharage na chai tamu, nikanuia, na saa mbili asubuhi nikatolewa damu. Jibu likaja 7.4. Kuanzia 7.0 daktari huanza kufikiria kisukari. Nililia juu ya boda njia nzima hadi hosteli.

Kosa halikuwa kwenye damu, lilikuwa kwenye kitenzi. Kwetu saumu huanza alfajiri. Kwa kipimo hiki, "fast" ni kukaa bila chakula angalau saa 8 mfululizo, na maji matupu yanaruhusiwa. Kisheria nilikuwa nimefunga, kimaabara nilikuwa nimeshiba. Wiki iliyofuata nilirudi bila kula daku, nikapata 5.1, alhamdulillahi. Basi ukiambiwa "fast", uliza: "For how many hours? May I drink water?" Kabla ya upasuaji hata maji yana saa yake ya mwisho, kwa hiyo usikisie.

Asili ya neno ni kushika imara. Ndiyo maana "fasten" ni kufunga kitu kama mkanda, "hold fast" ni kushika barabara, na "fast asleep" si kulala haraka bali kulala fofofo. Wafasiri wengi wa Qur'ani kwa Kiingereza wametumia "hold fast" katika aya ya 103 ya Surat Aal Imran. Tazameni na Kiswahili: tunafunga mkanda, tunafunga Ramadhani. Lugha hizi hazina udugu, lakini picha ni ile ile.

Tuje kwenye matumizi. "I fast on Mondays" ni mazoea. Mtu akikukaribisha chai sasa hivi, sema "I am fasting". Ukimjibu "I fast", atangoja umalize sentensi. "I am on fast" tuiache. Na mwenzangu mmoja aliwahi kuandika "I fastened the whole of Ramadan". Maskini, alijifunga mkanda mwezi mzima.

Panapoteleza zaidi ni "break". "We break our fast at sunset" ni kufuturu, jambo la furaha. "Does this break the fast?" ni kuuliza kama kitu kinabatilisha saumu. Kitenzi ni kimoja, lakini huku kuna thawabu na kule kuna siku ya kulipa, kwa hiyo soma sentensi nzima kabla ya kumjibu anayeuliza.

Humo ndimo lilimotoka "breakfast", kuvunja mfungo wa usiku. Waarabu nao chakula cha asubuhi hukiita futuru, kutoka mzizi ule ule wa iftari, na sisi tuna kifungua kinywa. Kwa hiyo daktari akikwambia "come before breakfast", daku nayo imo.