Kunakili Wimbo wa Zamani: Kodi na Nyuzi za "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco



Somo letu safari hii ni la vidole na masikio. Kikundi chetu cha muziki hapa seminarini kimepewa nafasi ya kupiga wimbo mmoja wa zamani jioni ya siku ya utamaduni, mbele ya walezi, wanafunzi wenzetu na waamini wa parokia jirani. Tumechagua "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Ni wimbo wa mtu mmoja na gitaa moja. Sisi tuna magitaa mawili, kayamba, na mwimbaji ambaye sauti yake ina mipaka. Wazee watakaokaa viti vya mbele wamekulia kwenye Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi za mji huu huu, na masikio yao hayadanganyiki. Swali linalotukalia ni moja: tukihamisha ufunguo, tukibadilisha ukazaji wa nyuzi na kugawa kazi ya mtu mmoja kwa wawili, kitakachosikika bado ni "Masanga", au ni kitu kingine tulichokiazimia jina?

Kabla ya kodi (hizi si za TRA), neno moja kuhusu sababu ya kuchagua wimbo kutoka Katanga wakati Tabora ina nyimbo zake. Barabara ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi hapa Unyanyembe haikuishia Ujiji tu. Njia nyingine ilishuka kusini-magharibi, ikazunguka Ziwa Tanganyika kwenda kwenye shaba ya Katanga. Kwa njia hizo, katikati ya karne ya 19, alikwenda Msiri, mtu wa Usumbwa upande huu wetu wa magharibi, akajenga dola lake Bunkeya. Watu wake waliitwa Wayeke. Msiri aliuawa Desemba 1891, lakini Wayeke walibaki, na Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930 kati ya watu hao. Baadaye alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Jina lake la Kikristo ni la Mtakatifu Yohane Bosco, rafiki wa vijana, ambaye alitangazwa mwenye heri mwaka 1929. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, yaani umri wetu sisi tunaosoma falsafa hapa.

Hatusemi kwamba "Masanga" ni ya Tabora. Gitaa lenyewe lilifika Katanga kwa milango mingine, na miji ya migodi ilikusanya watu wa kila upande. Tunasema tu kwamba wimbo huu si mgeni kabisa kwenye barabara hii.

Sasa tufanye kazi.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza bila gitaa mkononi. Wengi hukimbilia kuweka vidole, halafu siku nzima wanatafuta kitu ambacho hawajakisikia bado. Sisi tuliweka magitaa ukutani, tukaimba besi kwa mdomo, kwa do, re, mi kama tunavyofundishwa kwaya. Besi ikishakaa mdomoni, nguzo zinajitokeza zenyewe: do, fa, so. Kwa maumbo ya gitaa ni C, F na G. Programu za simu zinaweza kupunguza mwendo wa wimbo hadi nusu bila kushusha sauti. Tumia hiyo kwa sehemu ngumu, lakini ukikaa nayo muda mrefu utajifunza noti na kupoteza mwendo.

Hapa kuna mtego. Ukilinganisha gitaa lako na uma wa sauti, ile A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kisha ukapiga pamoja na nakala ya zamani, mara nyingi hamtakutana. Rekodi inaangukia kati ya ufunguo na ufunguo. Mpigaji alikaza nyuzi zake kwa sikio, na santuri za wakati ule zilikusudiwa kuzunguka mara 78 kwa dakika. Ikizungushwa mara 80, kila noti inapanda karibu nusu ya semitoni. Kwa hiyo usibishane na nakala. Wakati wa kujifunza, kaza au legeza gitaa lako likutane nayo. Ukishajua wimbo, rudi kwenye uma wa sauti ili mwimbaji na gitaa la pili wapate pa kushika. Ulichojifunza hakipotei, kwa sababu ulichojifunza ni umbali kati ya noti na noti, wala si urefu wa noti yenyewe.

Jambo hilo ni la zamani kuliko gitaa. Mapokeo yanampa Pitagora sifa ya kugundua kwamba uzi ukikatwa nusu unatoa oktava, ukibaki theluthi mbili unatoa ya tano, yaani do kwenda so, na ukibaki robo tatu unatoa ya nne, do kwenda fa. Pima gitaa lako. La kwetu lina sentimita 65 kutoka kizuizi cha juu hadi daraja. Freti ya 12 iko sentimita 32.5, nusu kamili. Ukibonyeza freti ya 7, uzi unaobaki ni kama sentimita 43.38, wakati theluthi mbili ni 43.33. Tofauti ni nusu milimita tu, sikio linasamehe. Lakini nenda kwenye ya tatu, do kwenda mi. Uwiano wake safi ni nne ya tano, yaani sentimita 52. Freti ya 4 inakuachia 51.6 hivi. Hiyo ni milimita nne, na sikio zuri halisamehi.

Faida ya hesabu hii ni kukuondolea ugomvi wa kila jioni: kodi ya G tamu kama asali ya Sikonge, kodi ya C chachu, na kila mtu anamlaumu mwenzake. Mathalani, ukilegeza kidogo uzi wa B ili mi ya kodi ya G iwe safi, basi ukibonyeza uzi huo huo freti ya kwanza kupata do ya kodi ya C, do hiyo nayo itakuwa imelegea. Hakuna ukazaji unaoziridhisha kodi zote. Freti zimepangwa ili kila ufunguo uvumilie kidogo. Kwa hiyo usikaze nyuzi kwa kodi moja unayoipenda. Piga C, F na G kwa zamu, uache kila moja ikose kidogo. Na huku kwetu, kiangazi kikikaza, mbao nazo hukauka na kusogea, basi lilinganishe gitaa pale pale litakapopigiwa, dakika chache kabla.

Tuje kwenye uzi wa sita. Mtindo wa Mwenda ni wa vidole viwili: gumba linatembea kwenye besi, cha shahada kinajibu juu. Gumba halitakiwi kusubiri. Lakini kwa ukazaji wa kawaida, E A D G B E, kodi ya F inataka kidole kilale shingo nzima ili besi ipatikane chini, na mkono unachelewa. Sisi tuliupandisha uzi wa sita semitoni moja, kutoka E hadi F. Sasa besi ya F inapatikana wazi, bila kidole. Vinavyobaki ni uzi wa nne freti ya 3, wa tatu freti ya 2, na wa pili na wa kwanza freti ya 1. Mkono wa kushoto unapumua, na kidole kidogo kiko huru kupamba. Gharama yake ni kwamba besi ya G imehama: zamani freti ya 3, sasa freti ya 2. Kwa siku mbili tatu gumba litaenda pa zamani, halafu litazoea. Kodi ya C haisumbuki, maana besi yake iko kwenye uzi wa tano.

Angalizo: kupanda semitoni moja kunaongeza mvutano wa uzi kwa karibu asilimia 12. Uzi wenye kutu utakatika. Weka mpya, upandishe polepole, kisha uhakikishe nyuzi nyingine tena, kwa sababu shingo ikivutwa zaidi zile tano zinashuka kidogo.

Mwimbaji wetu hakai vizuri kwenye C, anataka D. Hatuna kapo ya dukani. Tuna penseli na ukanda wa mpira wa chubu ya baiskeli, na vinatosha. Ifunge nyuma kidogo ya freti ya 2, sawasawa kwa nyuzi zote, na maumbo yale yale ya C, F, G yatatoa D, G na A. Ikiwa penseli imepinda, uzi mmoja utakoroma. Izungushe hadi ikae.

Gitaa la pili ndilo lililotupa mjadala mrefu. Njia rahisi ni kumwambia wa pili akwaruze kodi zile zile nyuma ya wa kwanza. Hapana. Hapo unapata kelele nene, na ule mchezo wa gumba na shahada unazama. Tukarudi kwa wazee wetu wa Tabora Jazz na wenzao, ambao kila gitaa walilipa njia yake: solo huku, rizim kule, besi chini, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Basi gitaa la pili, ambalo nyuzi zake hukaa kwa ukazaji wa kawaida, linafungwa penseli freti ya 7 na kupiga maumbo ya G, C na D. Hesabu: G ukiipandisha semitoni saba ni D, C inakuwa G, D inakuwa A. Kodi ni zile zile za mwenzake, lakini ziko juu, nyembamba na kavu. Wa kwanza anashika besi na jibu la kwanza; wa pili anaingia kwenye nafasi zinazobaki wazi, na mahali ambapo hakuna nafasi ananyamaza. Kunyamaza huko tumekufanyia mazoezi kuliko noti. Kayamba inafuata gumba, haifuati mwimbaji.

Sasa lile swali. Katika *Phaedo* ya Plato, Simmias anamwambia Sokrate kwamba huenda roho ni kama ulinganifu wa kinubi: haionekani, ni nzuri, lakini kinubi kikivunjwa na nyuzi zikikatwa, nao unakwisha. Sokrate anamjibu kwamba ulinganifu hufuata sehemu zake, wakati roho inaziongoza. Wengi wetu darasani tulikuwa upande wa Sokrate kwa utii tu. Kufanya kazi na "Masanga" kumetufanya tuone upande mwingine wa mfano ule. Simmias anazungumzia ulinganifu wa kinubi hiki. Lakini uwiano wa do kwa so haukuwa mali ya kinubi hiki. Mwenda alifariki mwaka 1990, na theluthi mbili bado ni theluthi mbili kwenye gitaa letu. (Hatusemi kwamba hii ni hoja ya kutokufa kwa roho, mhadhiri angetukata alama.)

Mtakatifu Thoma, anapotaja sifa za uzuri, anaweka utimilifu, uwiano na mng'ao. Kwa kipimo cha uwiano, tumeamua hivi: ufunguo ni ajali, kwa maana ya darasani, kitu kinachoweza kubadilika na chenyewe kikabaki. Ukazaji wa uzi wa sita ni ajali. Hata idadi ya magitaa tunaihesabu hapo, ingawa wenzetu wawili hawakubali mpaka leo. Mpangilio wa nguzo, zamu ya gumba na shahada, na zile nafasi tupu kati yao, hivyo si ajali. Ukivijaza ili usikike hodari, umetunga wimbo mwingine, na ni haki uupe jina lingine.

Tuliongeza katika kundi hilo jambo moja lisilo la gitaa. Nyimbo za Mwenda zimeimbwa kwa Kiswahili cha Katanga, na mwanzoni kulikuwa na pendekezo la kuyanyoosha maneno yawe sanifu ili hadhira isicheke. Jaribu kuongeza silabi moja tu mahali ambapo Kiswahili cha kule kimeikata, uone gumba linavyojikwaa. Maneno yale yamekatwa kwa kipimo cha besi. Tunayaimba kama yalivyo, na msimamizi wa jioni ataeleza maana yake kabla hatujaanza. Atamtaja pia mtunzi, mwaka 1952, na mambo mawili tuliyobadilisha: ufunguo na gitaa la pili.

Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa baada ya masifu ya jioni, chumba cha muziki. Mwenye uzi wa sita mpya aje nao. Wa kwetu tumeupandisha mara nyingi mno.