Vizingiti vya Kutambua Ishara katika Ripita za Data

Swali: Kwa nini ripita ya data ya kasi huwa na vizingiti viwili vya kutambua ishara, na vinafaa kurekebishwa lini?

Jibu: Ripita, yaani kifaa kinachopokea ishara iliyofifia njiani na kuiimarisha kabla ya kuipeleka mbele, hulazimika kwanza kuamua iwapo kilichopo kwenye jozi ya nyaya ni data au ni kelele tu, kwa kuwa katika kanuni za PCI Express, mfumo wa kuunganisha vifaa ndani ya kompyuta, ukimya nao ni ujumbe, unaoashiria kwamba njia imepumzika. Kanuni hizo huweka kizingiti cha kipokezi kati ya milivolti 65 na 175, zikipimwa kama tofauti ya volti baina ya nyaya mbili, kilele hadi kilele. Katika ripita, kizingiti cha juu huwasha kitumaji na cha chini hukizima, ili ishara inayoyumba karibu na mpaka isikiwashe na kukizima mfululizo. Vikishushwa mno, kelele hukuzwa na kudhaniwa data. Vikipandishwa mno, data halali iliyodhoofishwa na waya mrefu hukatwa, hata kama kisawazishi, yaani sakiti inayofidia upotevu wa masafa ya juu, kingeweza kuirejesha. Kwa hiyo marekebisho hufaa pale tu vipimo kwenye lango la kuingilia vinapothibitisha mojawapo ya kasoro hizo.