Kicheko Darasani: Kufundisha Picha ya Vichekesho katika Shule ya Msingi

Wanachuo wengi hudhani kwamba picha ya vichekesho haifundishwi. Huonyeshwa siku ya mwisho wa muhula, watoto wakacheka, kisha wakaenda zao. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata tulipokwenda Usangi kuwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha.

Mwanachuo mmoja aliwaonyesha Darasa la Tano kipande cha The Gold Rush, picha ambayo Charles Chaplin aliitunga, akaiongoza na kuiigiza mwenyewe mwaka 1925. Uteuzi wake ulikuwa mzuri. Waigizaji hawasikiki wakisema, kwa hiyo mtoto anayezungumza Chasu nyumbani na Kiswahili shuleni hazuiwi na Kiingereza. Theluji nayo haikuwa ngeni kabisa, maana siku isiyo na ukungu Kilimanjaro huonekana kutoka Kindoroko. Tena lugha yetu inalo neno chale, yaani mchekeshaji, ambalo mtoto akilisikia hulikumbuka jina la mtu huyu.

Watoto walicheka sana, nasi tukaandika alama ya juu. Wakati wa mapumziko tukawakuta wamemzunguka mwenzao ambaye kiatu chake kilikuwa kimeachama, wakimwambia akakipike. Yeye hakucheka. Hapo tukatambua kwamba somo halikuwa limefundishwa, na kwamba sisi tuliolisifu tulikosa pamoja na mwanachuo.

Na tukitazame kipande chenyewe. Watu wawili wamezingirwa na theluji ndani ya kibanda, nao wana njaa. Chaplin anachemsha kiatu chake. Anakidunga kwa uma kuona kama kimeiva, anakimwagia mchuzi wake, anakipakua kwa makini kama mpishi wa harusi. Mwenzake, mtu wa miraba minne, anabadilisha sahani ili apate sehemu ya juu. Chaplin anabaki na soli yenye misumari. Basi anazizungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi, na misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. (Kiatu hicho kilitengenezwa kwa peremende nyeusi. Watoto waambiwe, lakini mwishoni, wasije wakauliza habari za peremende tu.)

Kinachochekesha si umaskini. Kiatu kibovu peke yake hakina kichekesho chochote. Kinachochekesha ni kwamba mtu aliyebanwa na njaa anakataa kuacha adabu zake. Anakula soli kana kwamba yumo karamuni. Tunacheka, na papo hapo tunamheshimu. Chaplin, aliyezaliwa mwaka 1889, alikulia London katika ufukara, akapata hata kukaa katika nyumba ya maskini. Njaa hakuisoma vitabuni.

Wiki iliyofuata tulilirudia somo pamoja na mwanachuo yule. Mara ya kwanza kipande kilionyeshwa chote, mwalimu akiwa kimya, kwani kichekesho kikielezwa kabla hufa. Mara ya pili tulikisimamisha pale sahani zinapobadilishwa, tukauliza: Nani amedhulumiwa? Amefanya nini? Kisha watoto wakaigiza bila maneno. Mmoja alimkaribisha mgeni kwa bunzi tupu la mahindi, akimpakulia kana kwamba ni makande yaliyoungwa vizuri. Mwenye kiatu hakutaka kuigiza, nasi hatukumlazimisha.

Nchini mwetu pia upo mfano wa kulinganisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Tanganyika picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, aliigiza humo mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam. Kwa darasa letu masimulizi yalitosha, nalo swali likawa moja: je, tunacheka pamoja na mtu yule au tunamcheka? Watoto wa Usangi watashuka mlima siku moja kwenda mjini, na huko watakuta mizaha juu ya ubahili wa Wapare ikiwangoja. Swali hilo ni lao hasa.

Msichana mmoja alijibu kwamba tunacheka pamoja naye iwapo naye anacheka. Mvulana wa nyuma akampinga: mbona Chaplin hakucheka hata kidogo alipokuwa akila kiatu? Kengele ikalia hawajaafikiana, nao wakatoka wakibishana.